Kikohozi cha Wifi

Bosi alipotangaza kwamba wote waliopunguzwa wakati wa ugonjwa watarudishwa kazini, wanawake wa kiwanda cha udobi walipiga vigelegele mpaka mlinzi akaacha geti akaja kuchungulia. Mama Pacha naye alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wenzake, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi na msimamizi hutazamwa.

Bosi alikuwa amesimama juu ya kreti la sabuni. Wafanyakazi walimwita Mapovu akiwa hayupo, kwa jinsi alivyokuwa akiumuka kwa hasira na kunywea papo hapo. Siku hiyo hakuwa na hasira.

"Msidhani nagawa sadaka," alisema. "Hoteli kubwa imerudi, imejaa wageni, na inataka shuka zake zifuliwe hapa. Lakini wamenipa sharti. Hawafanyi kazi na mtu aliyewatupa watu wake njaani akaokota wengine wa bei rahisi. Niliponuna, nikakumbuka hao wa bei rahisi wameniunguzia shuka ngapi. Kwa hiyo nawahitaji wale wenzenu, na nawahitaji wenye mkono wa kazi."

Akaendelea kueleza. Chumba cha nyuma kitasafishwa, watoto wadogo walelewe humo mama zao wakiwa kazini. Na kila mwisho wa mwaka, sehemu ya kumi ya faida itagawanywa kwa wafanyakazi, kila mtu kwa miaka yake. Mwenye miaka minane, mafungu manane. Aliyepunguzwa miaka yake haikatiki, inaunganishwa kama vile hakuondoka.

"Ijumaa watu wa hoteli wanakuja na karatasi, kila mtu anaweka sahihi yake," alimaliza. "Rudini kazini."

Ofisini alimpa Mama Pacha orodha ili awapigie simu wahusika. Majina kumi na moja. Mama Pacha aliyasoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu, ingawa alikwisha kujua kabla hajaishika karatasi kwamba jina moja halimo.

"Wifi yako sikumweka," Bosi alisema, akifunga droo. "Yeye hakupunguzwa, aliondolewa kwa sababu ya kifua. Au amepona?"

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka.

"Nitamuuliza," alisema Mama Pacha.

Wifi yake, dada wa mumewe, walimwita Kasi. Pasi ikiwa mkononi mwake ilikuwa kama inateleza kwenye barafu. Foronya ishirini zilitoka zimenyooka kabla mwingine hajamaliza kumi. Ni yeye aliyemwingiza Mama Pacha kiwandani, akamfundisha kupima joto la pasi kwa tone la maji, akamfichia makosa yake mwaka mzima wa kwanza.

Ugonjwa ulipokuja na hoteli zikafungwa, Bosi alimwita Mama Pacha ofisini, wote wawili wamevaa barakoa, wamekaa mbalimbali kama wagomvi. Alimwambia kwenye chumba cha pasi atabaki mtu mmoja tu, na huyo huyo ndiye atakayesimamia wachache watakaobaki. "Nataka mwenye mkono mzuri kuliko wote," alisema. "Ni nani?"

Kiwanda kizima kilijua jibu. Mama Pacha alilijua kuliko wote. Lakini nyumbani mapacha walikuwa wameshinda na uji mtupu, na mumewe, fundi bomba, alikuwa amekaa mwezi wa pili bila kazi kwa kuwa hakuna aliyetaka mtu wa nje aingie chooni kwake. Akajisikia anasema, "Kasi siku hizi anakohoa, Bosi."

Na kweli Kasi alikuwa amekohoa. Asubuhi moja, mvuke ulipompalia.

Zama zile kumsema mtu anakohoa kulikuwa sawa na kumfungia milango yote. Kasi alitolewa getini siku hiyo hiyo, hata ndala zake za kazini akatupiwa kwa nje. Habari ilimtangulia kwa mwenye nyumba, naye akampa siku tatu, akawa analala na wanawe huku na huku. Wenye nguo za kufuliwa majumbani wakawa wanamjibu kupitia dirishani. Bintiye mkubwa aliacha shule, ada ikiwa imekosekana muhula wa pili mfululizo, akaenda kulea mtoto wa watu. Mwishoni kabisa fundi bomba alimfuata dada yake, akamleta na wanawe wawili waliobaki kwenye stoo ya nyumba yao, wakasogeza ndoo na vipande vya bomba ili godoro lienee.

Kasi hakujua neno lile lilitoka kwa nani. Alimshuku mlinzi. Na tangu alipoingia kwenye nyumba ile, mwaka mmoja na nusu, hakuacha kushukuru.

•

Jioni ile Mama Pacha alimkuta Kasi uani anafua sare za mapacha. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa hivyo siku zote: anaamka kabla ya wenye nyumba, anafagia, anapika, na wakati wa kupakua anawapakulia mapacha kwanza, kisha kaka yake, kisha wifi yake, halafu anakwangua sufuria kwa ajili ya wanawe na kusema yeye ameshiba harufu. Wakati mwingine aliomba sabuni ya kuogea kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo.

"Wifi," alisema, akijifuta mikono, "nasikia tunarudishwa."

"Nani kakwambia?"

"Habari nzuri haina geti. Wamepita hapa wawili wakicheka peke yao kama wehu." Naye akacheka. "Niambie basi, mimi ni wa ngapi kwenye orodha?"

Mama Pacha alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena.

"Orodha haijakamilika," alisema.

"Si wewe ndiye msimamizi?" Mumewe alikuwa mlangoni anakaza mpini wa nyundo. "Mwandike. Mtu wa kuandikwa wa kwanza ni dada yangu."

"Kazi ya watu ile, Baba Pacha. Mimi siandiki, naandikiwa."

"Msimsumbue," Kasi akasema haraka. "Amechoka, ametoka kazini. Wifi, uliza tu ukipata nafasi. Ukiona Bosi ana uso mbaya, acha. Kaa, nikuletee maji uoshe miguu."

Akaleta maji. Mama Pacha alitaka kumwambia ayaache pale, atayamimina mwenyewe, lakini angemwambia kwa sababu gani? Akaoshwa miguu na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemmwagia unga.

Jumanne aliporudi alisema Bosi hakuwepo. Jumatano alisema Bosi atafikiria. Uongo wa kwanza ulimtoka kwa shida, wa pili ukamtoka kama salamu, na hilo ndilo lililomtisha. Kasi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda stoo. Jumanne ile alikuwa ametoka na kitu kimefungwa kwenye kanga, akapotea mpaka jua likazama. Aliporudi hakuwa na kile kitu tena.

•

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alikuwa ofisini akikabidhi hesabu ya taulo wakati mlango ulipogongwa. Kasi aliingia amevaa gauni lake la kuendea misibani na harusini, limenyooshwa mpaka linang'aa. Akamwamkia Bosi kwa heshima, akaweka karatasi mezani kwa mikono miwili.

"Nimepima kifua, Bosi. Wamenipiga na picha. Kila kitu kimeandikwa hapo."

Bosi aliisoma, midomo ikicheza. "Kifua kizima."

"Kilikuwa kizima tangu mwanzo."

"Mimi niliambiwa unakohoa."

"Aliyekwambia alikuwa daktari, Bosi?"

Bosi alimtupia Mama Pacha jicho, akaliondoa. Kasi hakuliona jicho lile, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa, akiogopa kwamba amejibu vibaya.

"Upimaji huu si wa bure," Bosi alisema. "Ulipata wapi?"

"Niliuza pasi yangu."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Ile pasi ndiyo mali pekee ambayo Kasi alitoka nayo kwenye chumba alichofukuzwa. Kwa miezi yote ile alikuwa akiisugua kila Jumapili na kuirudisha kwenye kanga, akisema ipo siku.

"Haya," Bosi alisema. "Mkono wako naujua, nautaka. Anza Jumatatu. Ila utaingia kama mpya. Waliopunguzwa wana karatasi za kupunguzwa. Yako inasema uliondolewa kwa kuficha ugonjwa. Siwezi kuwaambia watu wa hoteli kitu kingine. Mshahara wa kuanzia, na mafungu utahesabiwa kuanzia mwakani."

"Na ile miaka minane?"

Bosi akanyanyua mabega.

Kasi alilinyoosha gauni lake kwa viganja. Kisha akasema, "Nashukuru, Bosi. Kazi ni kazi."

Kule nje, kwenye ukumbi wenye joto la mashine, alimshika Mama Pacha mkono.

"Asante, wifi. Najua umeniombea. Asingenipokea hivi hivi."

Mama Pacha aliitikia kitu asichokikumbuka baadaye. Alikwenda chooni, akafungua bomba ili watu wasisikie, akakaa humo mpaka walipomgongea.

Mchana hakula. Aliwatazama wale kumi na moja waliokuja kuonyeshwa mashine mpya, wakisukumana kama wasichana wa shule, wakihesabiana miaka yao kwa vidole. "Mimi sita." "Mimi saba, niamkieni." Mmoja akauliza, "Kasi je? Si alitutangulia sote?" Mwingine akajibu kwa sauti ya chini, "Yule alikuwa na kile kifua." Miaka miwili ilikuwa imepita na kikohozi kile bado kilikuwa kinatembea kwenye midomo ya watu.

Saa kumi alipiga moyo konde, akarudi ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Kasi hakuwa mgonjwa," alisema. "Nilimsingizia. Ulitaka mwenye mkono mzuri kuliko wote, na alikuwa yeye, nami nikaogopa."

Bosi alitua kalamu. Mama Pacha alingoja aumuke. Hakuumuka.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kesho mnaweka sahihi. Ikishawekwa, miaka yake nimeizika."

Bosi aliangalia dirisha ambalo halikuwa na cha kuangalia ila ukuta wa jirani.

"Unajua kwa nini sikumpeleka kwa daktari wakati ule?" aliuliza hatimaye. "Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Wale wengine niliwalipa kiinua mgongo. Aliyeondolewa kwa ugonjwa hadai kitu. Uliponiambia anakohoa nilijisemea, afadhali, mmoja amepungua. Neno lako lilikuja na faida, nikalichukua kama lilivyo." Akavuta daftari. "Kwa hiyo usijione mkubwa sana. Tulikuwa wawili."

Mama Pacha hakuona nafuu yoyote katika hilo. Mzigo wa watu wawili, aligundua, haugawanyiki. Kila mmoja anaubeba mzima.

"Nitamwandikia miaka yake," Bosi alisema. "Na kiinua mgongo chake atakipata kesho hiyo hiyo. Hao watu wa hoteli wakiuliza nitawaambia kosa lilikuwa la ofisi, ndivyo lilivyokuwa. Lakini Kasi simwambii mimi."

"Nitamwambia."

"Na usimamizi?"

Mama Pacha alifungua kibindo, akatoa funguo za stoo ya sabuni, akaziweka mezani. Moyoni, pahali padogo ambapo hakupenda kupaangalia, alitegemea Bosi azirudishe upande wake. Bosi alizichukua, akazitia mfukoni.

"Jumatatu utakuwa chumba cha nguo chafu," alisema. "Mtu wa kuchambua ninamhitaji."

•

Ijumaa Kasi aliitwa kuweka sahihi, akakuta imeandikwa miaka minane. Alimwambia karani amekosea. Karani akamwambia hajakosea, akamkabidhi na bahasha. Kasi alitoka akiwa ameishika bahasha kama yai, akamtafuta wifi yake kila chumba, akamkuta peke yake kwenye meza ya kukunjia, mbele ya rundo la shuka za hoteli.

"Hebu nikusaidie, kwa furaha hii siwezi kukaa," alisema, akaiweka bahasha kifuani na kushika ncha mbili za shuka. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Waliivuta, wakaikung'uta, wakasogeleana. "Wifi, wamenirudishia miaka yangu. Yote. Nimemuuliza Bosi imekuwaje, akasema nikuulize wewe. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba ni mimi niliyesema unakohoa."

Kasi alicheka kidogo, cheko la mtu anayengoja mzaha umalizike. Kisha akamwangalia usoni. Walikuwa wamekaribiana, ncha za shuka zimekutana mikononi mwao, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake.

"Sema tena."

"Alitaka abaki mmoja. Ungebaki wewe. Nikasema unakohoa."

Kasi hakupiga kelele. Alizichukua ncha zile kutoka mikononi mwa Mama Pacha, akaimalizia ile shuka mwenyewe, akailaza juu ya rundo, akainyoosha kwa kiganja kama kwamba kazi ilikuwa haijakamilika.

"Mwanangu yuko kwa watu anabadilisha nepi," alisema. "Ana miaka kumi na minne."

"Najua."

"Unajua. Kila siku ulikuwa unajua. Nikikuosha miguu ulikuwa unajua." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kawaida. "Nilikuwa nawaambia wanangu usiku wakuombee. Kwa jina. Wakisinzia nawaamsha, nawaambia hamjamwombea mke wa mjomba."

Mama Pacha alifungua mdomo kusema nisamehe, lakini Kasi aliinua kiganja.

"Usiniombe msamaha hapa. Nikikusamehe leo nitakuwa nimekufanyia kazi nyingine ya bure." Akaiweka sawa bahasha kifuani. "Na kaka yangu sitamwambia. Nitaanzaje? Utamwambia wewe. Ukimficha, nitajua."

Akatoka. Hakumwita wifi.

•

Jumamosi fundi bomba aliporudi kutoka kwenye kazi ya asubuhi alikuta stoo ina ndoo na vipande vya bomba tu. Dada yake alikuwa amepanga chumba mtaa wa tatu kutoka pale, akamchukua bintiye kwa wale aliokuwa akiwalelea mtoto, akaondoka na godoro na nguo.

"Mbona hivi? Mmegombana?"

Mama Pacha aliwatuma mapacha dukani. Kisha akamwambia mumewe, amesimama, hakujikalisha. Alisema yote, hata lile la mvuke uliompalia, na alipofika pale pa uji mtupu wa mapacha aliona linataka kugeuka kuwa utetezi, akalikata.

Mumewe alimsikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi, mikono ina kutu.

"Ulisema maneno gani? Yale yenyewe."

"Nimeshakwambia."

"Yaseme kama ulivyoyasema."

"Kasi siku hizi anakohoa, Bosi."

Akatikisa kichwa polepole. Alikaa vile mpaka mapacha wakarudi, wakapita katikati yao na kuingia ndani. Hakumtukana. Alisema tu, bila kumwangalia, "Na mimi nilikula mshahara ule. Nilikula, nikasema nimeoa mwanamke shupavu." Kisha akainuka, akaingia chumbani kwao, akaanza kung'oa godoro kutoka kwenye kitanda.

"Unafanya nini?"

"Dada yangu hatalala sakafuni tena. Sisi tutalala. Shika huko."

Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, kingehitaji mkokoteni, lakini mumewe hakutaja mkokoteni na yeye hakuthubutu kuuliza. Walikitoa kwa ubavu mlangoni, wakaingia nacho mtaani jua likiwa utosini. Yeye alikuwa nyuma. Kila hatua kumi mikono ilikufa ganzi, wakatua, wakainua tena. Watu walikuwa vibarazani, Jumamosi, hawana haraka.

"Mnahama?" fundi viatu aliuliza.

"Hatuhami," mumewe alijibu.

Kwenye genge la mboga walitua tena. Mama wa genge, aliyemjua kila mtu na mambo yake, aliwatazama, akatazama kitanda, akaelewa kwa namna yake.

"Mnampelekea Kasi? Nimemwona asubuhi na godoro kichwani." Akamgeukia Mama Pacha, uso umejaa upole. "Mungu akuweke, mwanangu. Umemtunza mwaka na nusu, na bado unampa kitanda chako. Mawifi wa namna yako wamekwisha duniani. Mimi wa kwangu alininyima hata chumvi."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua nyanya waliitikia, ni kweli, ni kweli.

Mama Pacha alimwangalia mumewe. Alikuwa amempa mgongo, mikono imeshika ubao tayari, na hakuinua. Alikuwa anangoja. Jasho lilimtiririka Mama Pacha machoni na mikono yake nayo ilikuwa imeshika ubao, hakulifuta.

"Hapana, mama," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia ili isikike. "Hapana. Mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi. Hakuwa anakohoa. Nilimzulia."

Mama wa genge alibaki na fungu la mchicha mkononi. Mmoja wa wale wanawake alirudisha nyanya aliyoishika, kwa uangalifu.

"Inua," mumewe alisema.

Wakainua.

Chumba cha Kasi kilikuwa cha mwisho kwenye safu, kina dirisha moja na sakafu iliyokuwa bado mbichi kwa kudekiwa. Binti mkubwa alikuwa amekaa kwenye godoro, amefungua daftari la zamani la shule magotini, anatafuta kurasa ambazo hazijaandikwa. Alipomwona Mama Pacha alimwangalia mama yake, ili ajue kama aamkie au asiamkie.

"Waamkie wakubwa," Kasi alisema.

"Shikamooni."

"Marahaba," walijibu, na Mama Pacha akaona hastahili hata nusu ya neno lile.

Kasi alitazama kitanda. Alikijua, alikuwa akikitandika kila asubuhi. Akamtazama kaka yake, na kaka yake akainamisha macho, na kwa hilo akajua kwamba ameambiwa. Akasogeza ndoo, akaonyesha kwa kidevu.

"Kiwekeni pale. Kichwa kisielekee dirishani, mtoto asipigwe na upepo."

Walikiweka. Hakikukaa sawa, mguu mmoja ulikuwa unacheza. Mama Pacha alipiga magoti kwenye sakafu mbichi, akakunja kipande cha boksi mara mbili, akakitia chini ya mguu ule, akasukuma kitanda kuona kama bado kinacheza. Kilikuwa kinacheza. Akakikunja mara ya tatu. Nyuma yake Kasi alikuwa anampakulia kaka yake chakula, akimwambia akae, amechoka. Yeye hakuambiwa akae, wala hakuambiwa atoke. Akaendelea kupiga magoti pale, akikandamiza kile kipande cha boksi kwa vidole vyote kumi.